Kichomeo cha Sekela

Kihemeshi cha Mwalimu Ambakisye Kajela kilizima siku ya Alhamisi, saa nne na dakika saba asubuhi, siku moja kabla ya siku aliyoikokotoa mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kituo cha afya, amevaa sweta nzito, anamweleza mkewe mahali alipoficha funguo za stoo. Katikati ya maneno sauti ikaisha. Hakukohoa wala hakushika kifua. Midomo iliendelea kusema, ila hapakuwa na hewa ya kusemea. Kwenye kisanduku kilichoning'inia shingoni mwake, taa ya kijani ilikuwa imegeuka nyekundu.

Nesi Lugano alikuwa amesimama tayari. Alimlaza, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya mpira, akaanza kubinya ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Binya, achia. Binya, achia. Kifua cha mzee kikapanda na kushuka.

"Kimezima," alisema bila kugeuka. "Fundi, kazi kwako."

Sekela Mwambene alikifungua kisanduku shingoni kwa mwalimu, akachomoa nyaya mbili nyembamba zilizoingia chini ya ngozi, akakibeba hadi kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nje mvua ya Rungwe ilikuwa ikinyesha kama ilivyonyesha tangu Jumapili, na milima haikuonekana.

Ilikuwa karibu miaka minane tangu ugonjwa wa mbavu upite nyanda za juu. Waliopona walipona wakiwa na mapafu mazima na mioyo mizima, ila neva inayouamuru msuli wa pumzi ilikuwa imekufa. Wilaya ile peke yake walikuwa watu mia moja sitini na tisa. Wakafungiwa vihemeshi, visanduku vya ukubwa wa kiberiti vilivyouamsha ule msuli mara kumi na sita kila dakika, usiku na mchana. Kampuni iliyovitengeneza ilifungwa baada ya miaka minne. Hakuna aliyejali. Vihemeshi vilifanya kazi, watu wakalima, wakaoa, wakaimba kwaya.

Kisha mwezi uliopita watu watatu wa kijiji kimoja wakafa ndani ya siku moja. Wa kwanza alikuwa shambani, wa pili jikoni, na wa tatu alikuwa usingizini.

Mwalimu Ambakisye, aliyefundisha hisabati kwa miaka thelathini na moja, ndiye aliyeuliza walifungiwa lini. Wote walifungiwa siku moja. Siku tatu baadaye alifika kwenye kibanda cha Sekela, mahali alipokuwa akitengeneza redio, mizani na simu, akaweka daftari juu ya meza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sekela, ndani ya hiki kitu kuna kinachohesabu. Chukua moja, uizidishe mara mbili, na tena, mpaka ufike mara ishirini na sita. Unapata milioni sitini na saba na ushee. Sasa hesabu pumzi kumi na sita kwa dakika, miaka minane kasoro siku chache." Aligonga daftari kwa kidole. "Ni namba ileile. Hesabu ikijaa, kinasimama."

Alikuwa sahihi. Mafundi wa zamani wa kampuni walikuwa na faili la programu ya chipu iliyomo ndani ya kihemeshi, na mmoja akamtumia Sekela kwa simu. Waliisoma pamoja mchana kutwa, mwalimu akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mstari wa mia na nne ulisema hivi: hesabu ikijaa, simamisha, subiri ukaguzi. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alitaka visanduku virudishwe kiwandani kukaguliwa. Sasa kiwanda hakikuwepo. Waliufuta ule mstari, na mwalimu akacheka kama mtoto.

Kilichobaki kilikuwa kuichoma, yaani kuiandika, programu mpya ndani ya chipu. Tume ya afya iliahidi kwamba mashine rasmi ya kuchomea ingefika Jumanne. Jumanne ilipita, na Jumatano ikapita. Mashine ilikuwa bado uwanja wa ndege, ikisubiri saini.

Sekela alikuwa na kichomeo chake mwenyewe, cha plastiki ya bluu, alichokinunua Mbeya kwa ajili ya kutengeneza mizani za kahawa. Kilikuwa cha bei rahisi, nakala ya nakala ya mashine fulani nzuri. Kwa mizani kilifaa.

*

Mara ya kwanza alipochoma, kompyuta ilimwandikia: *Kufuta, sawa. Kuandika, sawa. Kuhakiki, imeshindwa mahali 0412.*

Aliisoma tena ile sentensi. Kuhakiki ni kichomeo kuisoma tena chipu na kuilinganisha na faili. Kama kilichosomwa si kilichoandikwa, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekifunga kisanduku kile kwenye kifua cha mtu. Kinaweza kupiga mara mia kwa dakika. Kinaweza kutopiga kabisa. Na programu ya zamani ilikuwa imeshafutwa. Hapakuwa na njia ya kurudi.

"Vipi, mwanangu?" aliuliza Mama Angolwisye, mke wa mwalimu. Alikuwa amekaa kitandani upande wa pili, akisubiri zamu yake ya kubinya. Lugano alikuwa amemfundisha tangu juzi.

"Bado kidogo, Mama."

Mara ya pili kosa lilikuwa mahali 0097. Mara ya tatu, 0733.

Hilo lilimpa moyo. Chipu mbovu hukosea mahali palepale, kama jino bovu linavyouma palepale. Kosa linalohamahama hutoka kwenye nyaya au kwenye umeme. Alichukua mita, akapima umeme unaofika kwenye chipu wakati wa kuchoma, akaona volti zinashuka kila kichomeo kinapoanza kuandika. Waya wa USB ulikuwa mwembamba na mrefu. Akaubadilisha. Akafupisha utepe wa nyaya unaokwenda kwenye kisanduku mpaka ukawa na urefu wa kiganja. Akachomelea kapasita karibu na chipu ili ihifadhi umeme kidogo na kuziba ule upungufu. Volti zikatulia.

Alichoma mara ya nne. *Imeshindwa mahali 0412.*

Alichoma mara ya tano. *Imeshindwa mahali 0412.*

Mara mbili mfululizo, mahali palepale, na ndipo palipokosea mara ya kwanza.

Lugano aliona uso wake. "Sema ukweli. Mikono yetu ina kikomo."

"Sijui kama ni kichomeo kibovu au chipu imekufa," alisema Sekela. "Kama ni kichomeo, nitakitengeneza. Kama ni chipu..." Chipu nyingine ya aina ile haikuwepo nchini. Hospitali kubwa Mbeya ilikuwa na mashine sita za kupumulia, zote sita zimeshachukuliwa tangu Jumatatu na watu ambao visanduku vyao vimezima. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka alfajiri na mganga na mgonjwa mwingine, pamoja na ambu ya pili. Pale kituoni ilibaki hii moja.

"Utajuaje?" aliuliza Mama Angolwisye.

Jibu Sekela alikuwa nalo, na jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi barazani, likimenya chungwa.

Kila fundi anajua namna ya kutenganisha kifaa kibovu na kizima. Unachukua kizima kingine unachokiamini, unakiweka mahali pa kile unachokishuku. Ukikiweka kizima na kosa likabaki, kosa liko kwenye mashine. Chipu pekee nzima iliyokuwa karibu ilikuwa inafanya kazi wakati ule, kwenye kifua cha mdogo wake Subilaga, aliyefungiwa wiki tatu baada ya mwalimu. Alikuwa na siku ishirini na moja mbele yake.

*

Subilaga alikuwa na miaka ishirini na tisa, ana kitalu cha miche ya maparachichi na sauti ya kwanza kwenye kwaya. Aliingia akifuta mikono kwenye kitenge.

"Dada, unaniangalia kama vile nimefiwa."

Sekela alimweleza. Hataifuta chipu yake. Hataichoma. Ataiuliza tu jina. Kila chipu ina namba yake ya utambulisho ambayo kichomeo kinaweza kuisoma bila kugusa programu, na kihemeshi kinaendelea kupiga kama kawaida. Ataisoma mara kumi. Zikitoka sawa zote kumi, kichomeo ni kizima na chipu ya mwalimu imekufa. Zikichanganyika, kichomeo ndicho kibovu.

"Na hatari yake?"

"Kichomeo hiki nimekiona kikifanya mambo ya ajabu ukikichomeka," alisema Sekela. "Mara moja, kwenye mzani. Mzani uliganda."

"Uliganda ukapona?"

"Ulipona."

Haikuwa kweli. Ule mzani aliutupa. Sekela alisikia uongo ukimtoka kinywani ukiwa laini, kama kitu kilichokuwa tayari tangu zamani, na hakuurudisha.

Kitandani mwalimu alikuwa akipunga mkono. Barakoa ilimziba mdomo, lakini mikono yake ilikuwa mizima. Mama Angolwisye alimpa kalamu na kipande cha boksi la dawa. Aliandika kwa herufi kubwa, kubwa kama za ubaoni, akamnyooshea Sekela.

USIMGUSE SUBILAGA.

Sekela alikisoma. Alimtazama mwalimu machoni, na macho yale hayakuwa na woga. Yalikuwa macho ya mtu anayemkatalia mwanafunzi jibu.

"Amesemaje?" aliuliza Subilaga.

"Amesema tufanye haraka," alisema Sekela, akakikunja kile kipande na kukitia mfukoni.

Mwalimu alipiga godoro kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. Lugano alimshika bega. "Tulia, Mwalimu. Ukihangaika barakoa inavuja."

Subilaga alivuta kiti karibu na meza. Kisanduku chake kilikuwa na mfuko mdogo alioushonea mwenyewe, wa kitambaa chekundu. Alifungua kifuniko, Sekela akachomeka utepe taratibu, akiwa ameshikilia pumzi yake mwenyewe. Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Kifua cha Subilaga kikapanda, kikashuka.

Alisoma mara ya kwanza. Sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu namba moja ilikuwa imegeuka. Ya nne sawa. Ya tano, upuuzi mtupu.

Zilipofika kumi, saba zilikuwa sawa na tatu zilikuwa mbovu.

"Ni kichomeo!" Sekela alisimama ghafla. "Chipu ya Mwalimu ni nzima! Mama, ni nzima, ni hiki kidude tu kibovu!"

Mama Angolwisye alifumba macho na kusema kitu kwa Kinyakyusa. Hata Lugano alitabasamu. Sekela aliuvuta utepe kutoka kwenye kisanduku cha mdogo wake, akaanza kukifungua kichomeo kwa bisibisi. Alikuwa amelegeza skrubu mbili aliposikia kimya.

Subilaga alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, mdomo wazi. Alikuwa akimtazama. Taa ya kisanduku haikuwa ya kijani wala nyekundu. Ilikuwa imezimika kabisa.

*

"Lugano!"

Nesi aligeuka, akaona. Kwa nukta moja mikono yake ilisita juu ya ambu.

"Mpe Subi!" Sekela alipiga kelele. "Leta hapa, mpe Subi!"

"Siwezi kumwachia huyu!" Lugano alimtazama Mama Angolwisye. "Mama, shika. Bana barakoa hivi, kidole gumba huku, vidole vingine chini ya taya. Binya kila ukihesabu mpaka tatu. Usisimame." Kisha alivuka chumba kwa hatua tatu, akamlaza Subilaga sakafuni, akamziba pua, akaanza kumpulizia kwa mdomo.

Kukawa na sauti mbili chumbani. Upande mmoja mfuko wa mpira ukibinywa na kuachiwa. Upande wa pili pumzi ya Lugano, ikiingia kwa nguvu, ikitoka, ikiingia. Na mvua.

Sekela alichomoa kisanduku cha mdogo wake, akakaa nacho mezani kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa pale. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba bisibisi ilidondoka mara mbili. Alikifungua kichomeo akakichomeka kikiwa wazi kwenye chipu ya mwalimu, akaanza kuisoma namba. Mbovu. Sawa. Mbovu. Akaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa bodi ili azuie mtetemeko, na namba zikanyooka. Sawa, sawa, sawa, sawa. Akainua kiwiko. Mbovu.

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa bodi. Pale ukingoni, kwenye mguu mmoja wa soketi, mguu unaobeba waya hasi wa kila kitu, solda, ile risasi inayoushikilia mguu kwenye bodi, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele unaouzunguka mguu wote. Ukibonyezwa unagusa. Ukiachiwa unaning'inia. Kiwandani kule mtu alikuwa na haraka, pasi ya solda haikupata moto wa kutosha. Ni hilo tu; ile 0412 iliyojirudia ilikuwa bahati mbaya. Hilo ndilo lililokuwa likimwaibisha tangu asubuhi.

Akashika pasi ya solda, akaligusa lile doa, likayeyuka na kung'aa. Ilichukua nusu dakika. Akasoma namba mara ishirini. Zote sawa.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo Sekela angelirudia kichwani baadaye, akiwa anafua, akiwa kanisani, akiwa anakata vitunguu. Mbele yake palikuwa na visanduku viwili. Cha kulia kilikuwa cha mwalimu, kimeunganishwa tayari. Faili lilikuwa tayari. Kuchoma na kuhakiki kungechukua dakika mbili. Cha kushoto kilikuwa cha mdogo wake. Kilikuwa kimeganda na hakujua kwa nini, wala hakujua kingechukua muda gani. Mwalimu alikuwa na ambu. Subilaga alikuwa na mdomo wa Lugano tu. Hesabu hiyo ilikuwa na uzito pande zote mbili, na mtu angeweza kuitetea vyovyote.

Lakini Sekela hakupiga hesabu. Mkono wake ulikwenda kushoto.

Aliuchomoa utepe kwa mwalimu, akachomeka kwa Subilaga. Programu ilikuwa bado imo. Hesabu ya pumzi ilikuwa bado imo. Hakuna kilichofutwa, lakini chipu haikuwa ikifanya kazi. Alijaribu kuiamsha kutoka kwenye kompyuta, ikakataa. Akajaribu tena. Akabadilisha waya. Akafikiria kuifuta na kuichoma upya, akaogopa, akaacha, akafikiria tena. Dakika zilikuwa zikipita na hakuzisikia. Nyuma yake Lugano alikuwa ameanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima.

"Dada Sekela," alisema kati ya pumzi mbili. "Nasikia kizunguzungu."

"Bado kidogo!"

Kisha akakumbuka kuondoa betri. Ilikuwa jambo dogo, la kwanza ambalo angemwambia mteja yeyote mwenye redio. Kichomeo, kilipotikisika, kiliishika chipu kwenye hali ya kusubiri, nayo ingesubiri milele mpaka umeme ukatwe kabisa. Alichomoa betri, akahesabu mpaka sitini kwa sauti, akairudisha. Taa ya kijani ikawaka. Aliruka, akapiga magoti sakafuni, akachomeka nyaya mbili kwenye kifua cha mdogo wake.

Subilaga alivuta hewa kwa kelele, kama mtu anayetoka chini ya maji, akaanza kulia.

Zilikuwa zimepita dakika kumi na nne.

"Mwalimu," alisema Lugano, akiwa bado ameshika sakafu kwa mikono miwili. Kisha akasema tena, kwa sauti nyingine kabisa, "Mwalimu!"

Mama Angolwisye alikuwa akibinya. Hakuwa amesimama hata mara moja. Alikuwa akihesabu mpaka tatu kama alivyoambiwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Lakini mikono ya mwanamke wa miaka sitini na nane ilikuwa imechoka, na vidole vilivyotakiwa kuibana barakoa vilikuwa vimelegea. Hewa ilikuwa ikitokea pembeni mwa shavu kwa mlio mdogo ambao hakuna mtu aliyeusikia. Midomo ya mwalimu ilikuwa na rangi ya majivu.

Lugano alimrukia, akambana barakoa, akabinya kwa nguvu. Sekela alirudi mezani. Kufuta, sawa. Kuandika, sawa. Kuhakiki, sawa. Mara ya kwanza tu, bila kusita. Alikifunga kisanduku kwenye kifua cha mzee, taa ikawaka kijani, na kifua kikapanda chenyewe.

Wote wanne walisimama wakimtazama akipumua. Hakuna aliyeshangilia. Walisubiri afumbue macho.

*

Aliyafumbua Jumamosi.

Habari ya kichomeo ilikuwa imeshasambaa. Kuanzia Ijumaa asubuhi watu walianza kufika kituoni na visanduku shingoni, wengine wamebebwa, wengine wametembea kutoka milimani huku wakihofia kila hatua kwamba inazila pumzi zao. Sekela aliwachomea mmoja mmoja. Mganga alikuwa amerudi na ambu ya pili, na hospitali ikaongeza mbili. Kila kisanduku kilipofutwa, kabla ya kuandikwa, kulikuwa na muda mfupi ambapo mwenyewe alikuwa akimtazama Sekela juu ya barakoa, na yeye hakuweza kuyatazama macho hayo. Alitazama kompyuta. Subilaga alikuwa wa arobaini na mbili. Mashine rasmi ilifika wiki ya tatu, ikakuta kazi imebaki kidogo. Waliokufa kabla ya siku ile ya Alhamisi walikuwa wanane. Baada yake hakufa mtu.

Watu walimletea ndizi, mchele, jogoo. Mchungaji alimtaja kwa jina kanisani. Sekela alikaa benchi ya nyuma, ameinamisha kichwa, na walioona walidhani ni unyenyekevu.

Siku aliyomwambia mdogo wake ukweli kuhusu ule mzani, Subilaga alipanda kwanza mche wa parachichi aliokuwa ameushika.

"Ningekubali hata ungeniambia," alisema hatimaye. "Sasa hatutajua kamwe, au siyo?"

Mafundi wa wilaya nyingine walianza kumpigia. Walikuwa na vichomeo vya aina ileile ya bluu na makosa yaleyale yanayohamahama. Walimwomba aandike maelekezo. Aliyaandika kwa wiki nzima, kwenye karatasi tatu. Pima volti wakati wa kuchoma. Fupisha utepe. Kagua mguu wa waya hasi kwenye soketi, uchomelee upya hata kama unauona mzima. Soma namba mara ishirini kabla ya kufuta chochote. Ukikuta kihemeshi kimeganda, ondoa betri, hesabu mpaka sitini.

Lugano alizisoma. "Ziko safi. Zitume."

"Kuna kitu hakimo."

"Sekela." Nesi alishusha sauti. "Ukiandika hilo, tume itakuita. Wataniita na mimi. Watamwita yule mama. Umeokoa watu zaidi ya mia moja. Tuma."

Hakuzituma. Jumatatu alizichukua, akapanda mpaka nyumbani kwa Mwalimu Ambakisye.

Mama Angolwisye alimkaribisha jikoni, mahali palipokuwa na moto. Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni na blanketi magotini, ameshika maganda ya maharage, akiyapanga kwenye sinia na kuyapangua. Alikuwa na afya. Alikula vizuri. Alipomwona Sekela alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni.

"Karibu, binti. Watokea wapi?"

"Mjini, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mjini ni mbali?" Akayatazama maganda, akataka kusema yako mangapi, akashindwa, akaendelea kuyapanga.

Sekela alikaa kwenye kigoda. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima.

"Mama, siku ile. Mzee aliniandikia nisimguse Subilaga. Nilikificha kile kipande. Na nilipopata pale palipokuwa na ubovu, cha mzee kilikuwa tayari. Dakika mbili tu. Mimi nilianza na cha mdogo wangu."

Mama Angolwisye aliendelea kukoroga chungu.

"Nilimwona akiandika. Mimi ndiye niliyempa kalamu," alisema. "Na mkono wako niliuona ulikokwenda. Nilikuwa nimekuelekea wewe. Ndiyo maana sikuwa namtazama yeye."

Kuni zilialika.

"Sijakusamehe, Sekela. Nakuambia usije ukadhani. Labda itakuja, labda haitakuja. Lakini mimi pia nilikuwa nabinya hewa ukutani, nikihesabu mpaka tatu kama mjinga. Hilo na mimi linaninyima usingizi." Alijifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha kiganja. "Hizo karatasi ni za nini?"

Sekela alizitoa, akamsomea zote. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi, mpaka mwisho.

"Wale mafundi wa huko, nao wana ndugu?"

"Wanao, Mama."

"Basi andika. Andika kwamba kisanduku kinachofanya kazi hakijaribiwi, hata mwenyewe akikubali. Andika kwamba fundi mwenye ndugu kwenye foleni amwachie kazi fundi mwingine. Na kama hayupo mwingine, orodha iandikwe kabla ya kuanza, na mtu mwingine, si yeye." Alimtazama mzee pale mlangoni. "Na andika kwamba anayebinya anachoka bila kujua. Awepo mtu ambaye kazi yake ni kutazama midomo tu. Asifanye kingine chochote."

"Watauliza nimejuaje."

"Waambie."

Sekela aliigeuza karatasi ya tatu, upande mweupe, akaiweka juu ya goti. Mlangoni mwalimu alikuwa ameacha maganda, ameegemea ukuta, kifua kikipanda na kushuka bila kukosea. Aliandika yale matatu kwa maneno ya mama yaleyale. Chini yake aliandika: *Nayajua haya kwa sababu niliyafanya, tarehe kumi na moja, kwa mgonjwa aliyenikataza.* Kisha akaandika jina lake lote, na namba ya simu yake.

Alimpa mama asome. Mama alisoma polepole, akamrudishia, akammiminia uji kwenye kikombe.

"Kunywa," alisema. "Mtandao unapatikana pale juu, kwenye kona ya barabara. Utume kabla hujafika mjini."